Siku Kitunga Changu Kilipomwita Baba Mukubwa wa Mwisho

Ninawaona. Msidhani kwamba kwa kuwa nimevaa miwani basi siwaoni. Mnakaa kwenye ngazi za maduka hapa Kasongo, simu mkononi, mnakandamiza kidole gumba juu ya kioo, maneno yanabadilika rangi, mnagusa tena, na barua ya mapenzi aliyoitunga mwenzenu wa Kindu inakuwa barua yenu. Kopie-kole, ndivyo mnavyosema. Halafu mnasahau kufuta jina la binti wa kwanza. Juzi tu kijana mmoja alikuja kwangu na shauri hilo, uso umemvimba, ananiuliza kama kuna njia ya kurudisha ujumbe uliokwisha kusomwa. Hakuna, mwanangu. Nenda kaombe msamaha.

Mimi ni Mwavita. Waliokuwa na akili zao kabla ninyi hamjazaliwa waliniita Mama Mashini, kwa sababu miaka ishirini na minane nimeipitisha katika chumba kimoja cha sekretaria, nikiwapigia watu barua zao. Na hiyo kopie-kole mnayoifanya bila kufikiri, mimi niliitengeneza kwa mikono yangu. Si ile ya simu zenu, la. Ya kwangu ilikuwa ya mashini moja tu, katika chumba kimoja tu, na ilikuwa na makosa matatu. Kosa la kwanza lilimchosha bwana wangu wa kazi. La pili lilimfurahisha mke wa mtu. La tatu lilikaribia kuninyima mume, na sababu ya kuwaandikia haya yote ni hilo.

Lakini ngoja kwanza niwaambie tulibandikaje kabla ya kompyuta, msije mkadhani tulikuwa tumelala.

Mwenye sekretaria alikuwa Papa Yuma, mwembamba, mwenye kalamu sikioni hata akienda kusali. Ndiye aliyenifundisha kazi. Watu walituletea kila kitu kilichohitaji kuandikwa kwa heshima: maombi kwa mkuu wa kijiji, mialiko, matangazo ya msiba ya kusomwa redioni, barua za wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila kwa wake zao. Barua hizo zote zilikuwa na vichwa vinavyofanana: “Tunayo heshima kubwa kuja mbele yenu…” Papa Yuma hakupenda kupiga kitu kile kile kutwa nzima. Basi siku ambazo kazi zilikuwa chache tulipiga vichwa vitupu kwa kaboni, nakala juu ya nakala, tukavikata kwa wembe na kuviweka katika sanduku. Mteja akija, tunapiga maneno yake tu, kisha tunabandika kichwa juu.

Gundi yetu ilikuwa unga wa muhogo uliopikwa mwepesi. Papa Yuma aliiita bukari ya karatasi, yaani ugali wake. Ilishika vizuri sana, na mende waliipenda kuliko sisi. Asubuhi moja tulifungua sanduku la nakala zetu tukakuta wamekula “Tunayo heshima” yote na kutuachia “kubwa”. Papa Yuma alikaa kitako akazitazama karatasi zile, akasema hata mende wa Kasongo wanajua wapi pana utamu wa barua.

Alikuwa na amri moja ambayo alinipigia kelele kila siku ya Mungu.

“Mwavita, soma kwanza, mbele ya kukunja! Barua ikiisha kutoka pa mulango, haiko tena yako.”

Niliisikia mara nyingi hadi nikaacha kuisikia. Mtaona.

Kompyuta ilitufikia baada ya mradi mmoja wa barabara kufunga kazi zake na kuacha vitu ambavyo havikustahili kubebwa. Ilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani, na printa iliyopiga kelele kuliko mashini ya kusaga. Programu ya kuandikia barua ilikuwa kwenye disketi, na disketi zilikuwa zimeota ukungu. Kilichobaki ndani ya mashini ni lugha ya kuiamrisha tu, na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoeleza lugha hiyo. Papa Yuma alinikabidhi kitabu akasema, “Weye ulisoma masomo ya komersi. Ifundishe kuandika.” Kana kwamba ananituma kuchota maji.

Niliifundisha. Ilinichukua msimu mzima wa mvua, maana tulitegemea sahani moja ya umeme wa jua na betri ya lori, na mawingu yakija siku tatu mfululizo mimi na mashini tunatazamana tu. Lakini mwishowe ikaandika. Barua ndani yake ilikuwa mistari iliyopewa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kijiti kidogo kilichopepesa kuonyesha uko mstari gani. Siku ilipoandika “Tunayo heshima kubwa” bila mimi kuwa na wino vidoleni, nililia mbele ya wateja, na sioni haya.

Kisha nikataka kubandika. Nani angeendelea kuandika kichwa kile kwa mkono wakati anayo kompyuta?

Nikatenga mahali ndani ya kumbukumbu ya mashini, nikapaita kitunga, yaani kikapu. Kunakili ni kuchukua maneno na kuyatia kitungani. Kubandika ni kuyatoa kitungani na kuyaweka pale kijiti kinapopepesa. Mnaona ni rahisi. Mimi pia niliona ni rahisi.

Kosa la kwanza: nilifikiri kama mtu atokaye sokoni. Ukitoa muhogo kitungani, kitunga kinabaki kitupu. Kwa hiyo kila nilipobandika, mashini yangu ilisafisha kitunga. Barua kumi, kunakili mara kumi. Papa Yuma alinitazama siku nzima nikirudi nyuma kuchota kichwa kile kile, na jioni akanyanyua karatasi ya kaboni, akaielekeza kwenye dirisha mwanga uipite.

“Hii imetoa kopi ngapi toka asubui?”

“Sijahesabu, Papa.”

“Na yenyewe imepotea?”

Basi. Nikafuta amri ile ya kusafisha. Kitunga kinabaki na vitu vyake mpaka utakapotia vingine, na hata simu zenu ziko hivyo. Ndiyo maana jina la yule binti wa kwanza lilikuwa bado linawasubiri.

Kosa la pili lilitaka akili zaidi. Ukibandika mstari katikati ya barua, mistari iliyo chini lazima isogee kuupisha. Nikaiamrisha mashini: chukua mstari kilipo kijiti, uandike mahali pa unaofuata, kisha uchukue huo unaofuata, uandike mahali pa mwingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Someni tena polepole. Mmeona nilipoanguka? Mstari wa tano nimeuandika juu ya wa sita. Sasa wa sita ni wa tano. Nauchukua huo, nauandika juu ya wa saba. Mstari mmoja unameza barua nzima.

Siku hiyo mteja alikuwa mchimbaji wa Salamabila aliyekuja Kasongo kutafuta vipuri vya pampu. Hakujua kusoma. Mke wake alikuwa kijijini kule Wamaza, na barua ilijaa visingizio: kwa nini hataweza kuja wakati wa kuvuna mpunga, kwa nini mbuzi aliyeahidiwa hajaonekana, kwa nini bati la jiko bado. Mwanzoni, chini tu ya salamu, kwa kuwa nilimsukuma kidogo, alikubali tuweke “Nakukumbuka sana mke wangu.” Mwishoni nikaona nimesahau mstari mmoja wa salamu, nikarudi juu, nikasimamisha kijiti penye “Nakukumbuka”, nikabandika. Printa ikapiga kelele zake, mteja ana haraka, pikipiki inamngoja, nikakunja, nikampa.

Sikusoma.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya soko, akaingia mwanamke mwenye kitunga cha karanga kichwani. Akakitua mlangoni.

“Ni weye Mama Mashini?”

“Ni miye.”

“Barua ya bwana wangu wa Salamabila, ni weye uliipiga?”

Akaifungua mezani. Salamu, kisha “Nakukumbuka sana mke wangu”, chini yake “Nakukumbuka sana mke wangu”, na chini yake tena, hadi ukingo wa karatasi. Mbuzi hayumo. Bati halimo. Visingizio vyote vimemezwa. Nilitazama dirisha nikapima kama ninapita.

“Miaka yote ya ndoa,” akasema, “hajasema hii neno hata mara moya. Mwalimu alinisomea, nikamuambia rudilia, akarudilia, mpaka akachoka.” Akachota karanga mikono miwili akaziweka juu ya klavie yangu, vitufe vyote vikafunikwa. “Akikuja tena, mupige vilevile.”

Papa Yuma alilazimika kutoka nje kucheka. Mimi nilikaa na karanga zangu nikitafuta kosa, nikaliona: uanze kusogeza kutoka chini. Mstari wa mwisho utangulie, kisha ulio juu yake, hadi ufike kwenye kijiti. Kama benchi lililojaa watu, aliye ukingoni ndiye anayesogea kwanza, la sivyo mnakaliana mapajani.

Sasa tuje kwenye la tatu, na hapa sitacheka sana.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sijaolewa, na shangazi zangu walikuwa wameanza kunitazama kama wali uliobaki. Kisha Amisi akaja sekretaria kupigiwa barua. Amisi alikuwa fundi aliyetengeneza pikipiki za watu njia yote kati ya Kasongo na Kabambare, kwao ni Wamaza. Akarudi kupigiwa nyingine. Barua ya tatu aliniambia niipige bila jina la anayeandikiwa, na nilipouliza inaenda wapi akasema haiendi mbali. Mnajua ninyi kuandika hivyo kwenye simu zenu? Hamjui.

Baba yake hakunitaka. Alisema binti wa miaka hiyo ambaye kutwa anaongea na mashini ameshaolewa na mashini. Amisi akambembeleza mwaka mzima, na mwishowe mzee akasema: tutaenda mara moja. Wakikataa, sitaki kusikia tena habari hiyo.

Kwetu, katika ukoo wa baba yangu, wakwe hawaji hivi hivi. Familia ya binti inawatangulizia karatasi ya majina ya baba zake, wakubwa na wadogo, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Siku yenyewe msemaji wa wakwe anayasoma kwa sauti. Anayeitwa anaingia, anaketi kwenye benchi refu, mkubwa mwanzo, mdogo mwisho. Kwa kuita hivyo wageni wanaonyesha kwamba wanajua wanamwomba nani. Mkubwa asipoketi, hakuna anayefungua mdomo. Wageni wanarudi walikotoka.

Mkubwa wetu alikuwa Baba Mukubwa Feruzi, mkulima wa mpunga, mfupi, shingo ngumu. Baba yangu mzazi, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Feruzi ndiye aliyenitoa shambani akanipeleka shule wakati ndugu zake wote walisema msichana atajifunza kulima tu. Naomba mlikumbuke hilo.

Nani wa kuandika karatasi ile kama si mimi? Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimekipanua kitunga changu. Zamani kilibeba mstari mmoja; sasa kilibeba mingi kwa pamoja, na nilijivuna mno. Majina ya baba zangu yalikuwa tayari ndani ya mashini, kutoka ndoa ya binamu yangu. Nikayanakili yote sita, nikayabandika chini ya salamu, printa ikapiga kelele. Nikakunja. Majina ya baba zangu mwenyewe, niyasome ya nini?

Wageni walifika kwa pikipiki nne, matope hadi mabegani, maana mvua ilikuwa imewashika njiani na walilala siku mbili kwenye utelezi. Mimi nilikuwa nimefungiwa chumbani na shangazi, kama inavyotakiwa, sikio ukutani. Nikamsikia msemaji wao, mtu wa Wamaza asiyemjua hata mmoja wa baba zangu, akikohoa na kufungua karatasi.

“Idi!”

Shangazi mmoja akaangusha sufuria.

Baba Mudogo Idi ni kitinda mimba wa babu yangu, mshona nguo. Ni baba yangu kwa heshima, lakini nimemzidi miaka sita. Nilimbeba alipokuwa mtoto. Walioona wanasema alitazama kushoto, akatazama kulia, akaingia kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Akaketi mwanzo wa benchi. Msemaji akaendelea kusoma kilichoandikwa, na kila jina lilizidi kuwa zee. Jina la sita:

“Feruzi!”

Hakuingia mtu.

“Feruzi!”

Nikachungulia tunduni. Baba Mukubwa alikuwa uani. Alikuwa amekigeuza kiti chake akaupa mgongo mlango, anatazama mpunga wake ulioanikwa kwenye mkeka, na anafukuza kuku kwa fimbo, kwa makini, kama kwamba ndiyo kazi aliyoitiwa duniani. Baba yake Amisi alishaanza kufunga kofia yake ya pikipiki. Amisi alikuwa amechuchumaa karibu na pikipiki, anakwangua matope kwenye mnyororo ambao ulishakuwa safi.

Binti anayeposwa hatoki chumbani. Nilitoka. Shangazi walinishika kitenge, nikakiacha mikononi mwao nikabaki na kingine.

Nikapiga magoti kando ya mkeka. “Baba Mukubwa.”

“Miye si mukubwa. Uliza karatasi.”

“Ni kosa ya mashini, Baba.”

“Mashini iko na baba? Ilizaliwa wapi? Inamujua Idi, na miye hainijue?” Fimbo ikampata kuku asiye na hatia. “Miye nilikupeleka masomo. Masomo njo ikakufundisha kuniweka mukia?”

Maneno yale yaliniingia. Hata leo nikiyaandika naona haya. Nikasema ukweli.

“Mashini haina kosa. Ni miye niliifundisha mubaya.”

Akaacha kufukuza kuku.

“Sasa njo unasema sawasawa. Nionyeshe vile ilifanya. Nataka kuiona na macho yangu vile inakosa.”

Hapo nikakwama. Mashini ilikuwa sekretaria, na betri ilikuwa imekufa siku tatu kwa mawingu. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha. Nikatazama nyumba, nikatazama benchi, na kwa kuwa sikuwa na lingine nikawaambia Idi na wenzake: leteni hilo benchi huku nje, na ninyi baba zangu wote mwingie ndani.

“Nyumba njo kitunga,” nikawaeleza, wageni nao wakisogea kusikia. “Munatoka kwa mulango moya moya, mukubwa mbele, sawa vile majina ilikuwa. Miye ninaweka kidole pa benchi. Anayetoka anaikala pale kidole iko. Aliyeko pale anasogea.”

Baba Mukubwa Feruzi akatoka wa kwanza, kwa hatua za mtu anayekwenda mahakamani. Nilikuwa nimeelekeza kidole mwanzo wa benchi. Akaketi. Akatoka wa pili, akaja kwenye kidole, Feruzi akasogea. Wa tatu, wa nne. Kila anayekuja anakaa mwanzo na kuwasukuma wengine. Wa sita akatoka Idi, akaomba radhi, akabana makalio yake pale mbele, na benchi zima likasogea. Baba Mukubwa alikuwa ukingoni kabisa, tako moja hewani, ameshika nguzo ya paa asianguke.

Shangazi walikuwa wameziba midomo kwa vitenge. Baba yake Amisi aligeukia pikipiki, mabega yanatikisika. Nilingoja radi.

Baba Mukubwa hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama mkono wangu.

“Kidole,” akasema.

“Baba?”

“Kidole yako, Mwavita. Toka tulianza iko palepale. Mutu ameisha kuikala, weye ungali unaonyesha kiti yake. Njo maana banamusukuma.” Akajinyanyua kutoka ukingoni, amesahau hasira, sura ya mtu aliyeona mdudu kwenye mbegu. “Ukipanda mupunga, unachoma tundu, unatia mbegu, unasogea. Hausimame palepale kutia mbegu yote mu tundu moya! Mutu akiikala, tembeza kidole!”

Vijana, nilisimama pale na mkono wangu hewani nikaiona programu yangu yote, mstari kwa mstari. Nilikuwa nabandika jina, narudi palepale, nabandika jingine juu yake. Wa kwanza kuingia lazima aangukie mwisho. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa ameisoma amri iliyokosekana kwa kutazama kidole.

“Turudilie,” akaamuru. “Mungie mu nyumba!”

Wakaingia. Wakatoka. Mkubwa akaketi, nikasogeza kidole. Wa pili akaketi, nikasogeza. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, na kidole kiliishia kwa Idi, mwisho wa benchi, ambaye alipumua kwa sauti. Baba Mukubwa Feruzi alikuwa mwanzo, mgongo umenyooka, fimbo kati ya magoti, ameridhika na kazi yake.

Msemaji wa Wamaza hakuwa mjinga. Aliruka mbele kabla mtu hajakohoa, akavua kofia.

“Sababu mukubwa ameisha kuikala, siye bageni tunaomba ruhusa ya kusema.”

Baba Mukubwa akatazama benchi alilokalia. Akamtazama msemaji. Akanitazama mimi.

“Muko bajanja,” akasema. Hakutabasamu, lakini fimbo ilitetemeka kati ya magoti yake. “Semeni basi. Na huyu Idi, sababu alipenda kuitwa wa kwanza, alete chai.”

Watu huniuliza kama nilipanga kumkalisha kwa hila. Nitawaambia kweli: hapana. Nilikuwa najaribu tu kueleza kosa langu, na nilisahau kabisa kwamba kuna mume mahali pale. Amisi anajua hivyo. Mpaka leo akinikasirikia ananiambia nilimpata kwa bahati mbaya ya mashini, nami namjibu kwamba matope ya mnyororo ule yalikwisha zamani, alikuwa anakwangua chuma kitupu.

Jua lilipotoka nikawasha mashini nikaongeza mstari mmoja tu: baada ya kila jina, kijiti kishuke hatua moja. Kazi ya dakika tano. Katika lugha ile mtu anaweza kuacha neno ndani ya programu ambalo mashini hailisomi, la kumsaidia binadamu atakayefuata. Kando ya mstari ule niliandika: “Tembeza kidole. Shauri la Baba Mukubwa Feruzi.” Papa Yuma alisoma karatasi ya kwanza iliyotoka, akaisoma tena, ndipo akaniruhusu kukunja.

Mashini ile ilikwisha kufa, Papa Yuma naye ametangulia, na chumba cha sekretaria sasa kinauza vocha za simu. Nimestaafu. Ninayo kompyuta ndogo ya kukunja, yenye programu iliyoandikwa na watu nisiowajua, na kitunga chao hakikosei. Lakini orodha ya baba zangu nimeihamisha kutoka mashini hadi mashini miaka yote hii, kwa sababu katika ukoo wetu watu hawaachi kuoana.

Msimu wa mvua uliopita Baba Mukubwa Feruzi alifariki, mzee sana, kitandani kwake, baada ya kuuliza kama mpunga umeingizwa ndani. Familia ikasema Mwavita atapiga komunike ya redio. Nikakaa mezani. Nikaandika kwamba ndugu wafuatao wana huzuni kutangaza kifo cha Mzee Feruzi. Nikanakili orodha, nikabandika, nikaisoma kabla ya kuichapa, kama nilivyofundishwa.

Wa kwanza katika wanaotangaza kifo cha Mzee Feruzi alikuwa Mzee Feruzi.

Nilicheka peke yangu mezani. Ndivyo angetaka, asingekubali mtu amtangulie hata kwa habari hiyo. Nilicheka hadi kicheko kikageuka kilio, Amisi akaja kusimama nyuma yangu. Kisha nikafuta jina lake, herufi moja moja kuanzia mwisho, na mstari ukabaki mtupu, kijiti kinapepesa pale mwanzo wa benchi. Sikuweza kukiondoa. Mkono wangu ulikuwa juu ya klavie na haukutaka.

“Mutu akiikala,” Amisi akasema nyuma yangu, “unafanya je?”

Nikakitembeza.